Bi Chomoa, Mlinzi wa Njia ya Pili

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi mkuu wa mawasiliano wa hospitali yetu anastaafu. Kwenye karatasi za ofisi ana cheo kirefu ambacho hakuna anayekikumbuka. Kuanzia jikoni hadi chumba cha upasuaji anajulikana kama Bi Chomoa, na ukimwita hivyo anaitika bila kununa.

Niseme mapema kwamba wasifu huu nimeuandika nikiwa na hasira. Nilitakiwa niandike mambo matamu tu. Ofisi ya utawala iliomba kuiona rasimu, ikairudisha, ikaiomba tena, ikairudisha tena, na mwishowe afisa utumishi akaniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti na kunieleza masharti kwa upole mwingi. Katika faili la Bi Chomoa kuna onyo kali la maandishi. Chuo cha ufundi kimemwomba akafundishe baada ya kustaafu, lakini kinataka mtu mwenye faili safi. Basi onyo lingeondolewa kabla ya siku ya kumuaga, mradi jarida hili la wafanyakazi lisiguse lile tukio la mwaka juzi.

Kwa hiyo msomaji ajue tangu sasa kilichowekwa mezani. Upande mmoja ni jina la mwanamke huyu na kazi aliyokuwa akiiota. Upande wa pili ni ukweli. Aliyechagua si mimi, na nitaeleza alivyochagua.

Bi Chomoa alianza kazi hapa akiwa fundi wa simu. Enzi hizo ombi la damu liliandikwa kwenye karatasi na kubebwa na tarishi, mzee mmoja mwenye moyo mzuri aliyesalimiana na kila mtu njiani. Sisi wa benki ya damu tulijua ukoo mzima wa mtu kabla ya kujua kundi la damu lililotakiwa. Bi Chomoa alilalamika juu ya jambo hilo tangu wiki yake ya kwanza, na hakuwahi kuacha kulalamika juu ya jambo lolote lililomgusa mgonjwa. Alikwenda masomoni mara mbili, akarudi mhandisi kamili, na akahakikisha kila mkubwa wa hospitali anakumbuka. Unyenyekevu hauko katika orodha ya sifa zake. Ana sauti kubwa, ana hoja, na akiwa na haki hakubali kuketi.

Kompyuta zilipoingia, yeye ndiye aliyeziunganisha idara zetu. Nitaeleza kwa lugha aliyotufundishia sisi tusio wa fani yake. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akihitaji damu, anaandika ombi kwenye skrini. Ombi linaingia kwenye foleni ya ujumbe, linangoja zamu yake, kisha linapita kwenye chaneli, yaani mfereji wa ujumbe kati ya idara mbili, hadi kwenye mashine yetu, ng'ambo ya uwanja. Uzuri wa foleni ni kwamba njia ikikatika, ujumbe haupotei. Ubaya wake, alikuwa akisema huku akitunyooshea bisibisi, ni huo huo. Ujumbe haupotei, lakini haufiki, na hakuna anayepiga kelele.

Ndiyo maana hakutaka njia moja. Waya ulipita chini ya ardhi, ukizunguka uwanja hadi kwetu. Yeye akadai na njia ya pili, ya hewani, yenye antena yake juu ya paa la dobi, jengo la kufulia shuka. Alidai kwa barua, alidai vikaoni, alidai hata kwenye harusi ya binti wa mkurugenzi wa wakati huo, akiwa na sahani mkononi. Akapewa ili anyamaze. Akaipa kila chaneli anwani mbili, ya waya na ya hewani, akapanga kwamba mashine zetu ziwe zinabishiana hodi kila baada ya muda mfupi. Hodi ya mlango wa kwanza isipoitikiwa, ujumbe hauendelei kusimama hapo kama mgeni asiyejua adabu. Unahamia mlango wa pili, wenyewe, bila kumsubiri mtu.

Haikuwa kazi nyepesi. Kuhama njia kunataka pande zote mbili zikubaliane ujumbe wa mwisho uliofika ni upi, la sivyo mmoja unarukwa au unaletwa mara mbili. Katika majaribio ya mwanzo maagizo ya chakula yalirudiwa, na wodi ya wanaume ikaletewa uji, ikala, ikaletewa uji tena. Wagonjwa hawakulalamika hata kidogo. Mpishi mkuu ndiye aliyekuja juu, akasimama mlangoni pa karakana ya Bi Chomoa na mwiko mkononi. Walimaliza ugomvi wao kwa kicheko, na hadi leo mpishi akimwona humuuliza kama leo ni siku ya uji wa pili.

Karakana hiyo ilikuwa chini ya ngazi, ukuta mmoja na dobi, yenye joto la pasi na harufu ya sabuni. Waya zake zote zilifungwa vitambaa vya rangi, mabaki ya kazi ya mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Chekundu kilikuwa njia ya kwanza na kijani njia ya pili, hata asiyejua kusoma angeweza kuzitofautisha.

Jina la Bi Chomoa lilitokana na desturi yake moja. Mara moja kwa mwezi, siku asiyoitaja, asubuhi wakati kazi imepamba moto, aliingia kwenye chumba cha mitambo na kuuchomoa waya wa njia ya kwanza. Kisha alipita ukumbini akiwa ameishika ile ncha yenye kitambaa chekundu, akiuliza idara moja baada ya nyingine, "Nani kakwama? Nani kakwama hapa?" Kama hakuna aliyekwama, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kama kuna aliyekwama, aliurudisha waya palepale, akakaa chini akatafuta kasoro mpaka akaipata. Alisema njia ya pili isiyopitwa huota nyasi, na kwamba yeye hawezi kuiamini kwa kuiangalia tu. Kwa mazoea hayo alizikamata hitilafu nyingi zikiwa bado ndogo, na hakuna mgonjwa aliyejua.

Hata nyumbani hakuacha. Mumewe ana miwani miwili, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba, na ameniambia kwamba mara kwa mara mmoja hupotea katika mazingira ya kutatanisha.

Sasa nifike kwenye kinachonichoma.

Miaka michache iliyopita, mkurugenzi wetu wa sasa alikuwa na wageni. Alikuwa akiwaonyesha kwenye skrini kubwa ya ukumbi picha za majengo mapya yanayokusudiwa, akiunganishwa moja kwa moja na mchoraji aliye mbali. Picha hizo hazikuwa sehemu ya foleni zetu wala hakuna aliyewahi kuomba ziwekewe njia ya pili. Bi Chomoa akachomoa. Maombi ya damu, ya dawa na ya maabara yakahamia hewani kama kawaida, hakuna mgonjwa aliyecheleweshwa. Picha ya mkurugenzi ikaganda mdomo wa mchoraji ukiwa wazi, wageni wakaangua kicheko.

Kwa kicheko hicho tukaletewa tangazo. Ni marufuku kwa mtu yeyote kugusa waya wa mawasiliano bila kibali cha maandishi kutoka ofisi ya mkurugenzi. Bi Chomoa hakukaidi. Watu wanaomjua kwa mdomo wake tu wanashangaa nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila mwezi aliomba kibali, na kila mwezi alijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Alikwenda kuuliza ana kwa ana, akawekwa kwenye benchi la nje mpaka ofisi ikafungwa. Akarudi kesho yake, akawekwa tena.

Aliomba na jambo jingine. Muuguzi akituma ombi, skrini ilikuwa ikimwandikia kwa rangi ya kijani kwamba ombi limepokelewa. Uongo mtupu! Lilikuwa limepokelewa na foleni, siyo na benki ya damu. Yeye alitaka skrini iandike kwamba ombi linasubiri, mpaka sisi wenyewe tulione na kulijibu. Kwenye kikao akaambiwa kwamba neno hilo linaipa hospitali sura ya uzembe mbele ya wageni. Nilikuwemo kikaoni. Niliyasikia kwa masikio yangu, na mpaka leo nikiyakumbuka napata joto.

Wakati yote hayo yakiendelea, mkandarasi wa paa alifika kuziba paa la dobi linalovuja. Vijana wake walikiondoa kisanduku cha antena, wakakivunja kwa bahati mbaya, wakaweka kingine kipya, taa zikawaka, wakajiona wamemaliza. Kisanduku kipya kilikuwa na anwani mpya. Chaneli zetu ziliendelea kuijua ile ya zamani. Hakuna aliyemwambia Bi Chomoa, na kwa kuitazama tu njia ya pili ilionekana nzima. Angechomoa mara moja tu, asubuhi moja tu, angeligundua. Aliomba kibali mwezi huo pia. Suala lake lilikuwa linashughulikiwa.

Ikaja Jumatano ya mwaka juzi. Nje ya lango kulikuwa na watu wanachimba shimo la kusimika bango kubwa la kuwakaribisha wageni. Sururu ikaukata waya wa njia ya kwanza. Mashine ya chumba cha upasuaji ikabisha hodi, haikuitikiwa. Ikahamia mlango wa pili, ikabisha kwenye anwani isiyokuwa na mtu.

Chumbani mle alikuwamo mama mmoja aliyetoka kujifungua mtoto wake wa kwanza, msichana, na damu ilikuwa haikomi. Muuguzi aliandika ombi la haraka. Skrini ikamjibu kwa kijani kwamba limepokelewa. Wakangoja. Akatuma tena, kijani tena. Waliamini tunaandaa, na simu ya ukutani ilikuwa imekwisha kung'olewa kwa sababu, tuliambiwa, mfumo unatosha.

Kwetu, ng'ambo ya uwanja, hakukuwa na ombi hata moja. Mashine kimya, friji zinanguruma, chai imemiminwa. Tulijua tu kwamba asubuhi ilikuwa shwari.

Baada ya kungoja kupita kiasi, daktari alimtuma mhudumu aje kutuuliza kulikoni. Mhudumu alipita mbele ya karakana akikimbia, na Bi Chomoa akamuuliza anakimbilia wapi.

"Benki ya damu. Wamepokea ombi zamani, wamelikalia tu!"

"Nani kakwambia wamepokea?"

"Skrini."

Hakungoja neno la pili. Aliviacha viatu vyake hapo hapo, mama mwenye goti bovu na mwili wa kujitosheleza, akakata uwanja akamwacha mhudumu nyuma. Alipiga dirisha letu kwa kiganja mpaka kioo kikalia.

"Nyinyi mna ombi la upasuaji?"

"Hatuna ombi lolote, Bi. Leo kumetulia."

"Hakujatulia! Mmekatika! Toeni damu!"

Alitutajia kundi kwa kumuuliza mhudumu aliyekuwa akifika akihema, tukapima tunavyopaswa kupima, na damu ikabebwa kwa mikono. Bi Chomoa akapanda juu ya paa la dobi na goti lake lile lile, akakikuta kisanduku kigeni, akaisoma anwani yake, akashuka akaiandika kwenye chaneli na kuzilinganisha pande mbili. Ndipo mashine yetu ikazinduka na kuanza kuchapa. Maombi yote ya asubuhi yalitoka kwa mpangilio, hakuna lililopotea. La yule mama lilitoka mara kadhaa, kila moja likiwa limeandikwa haraka, haraka, haraka. Yeye tayari alikuwa ameshatolewa chumba cha upasuaji.

Alipona. Mtoto wake naye yu mzima. Lakini damu ilichelewa, na madaktari walilazimika kumtoa kizazi ili wamwokoe. Daktari aliyekuwapo alisema waziwazi kwamba damu ingefika kwa wakati, angekuwa na nafasi ya kujaribu njia nyingine kwanza. Mama na mumewe waliambiwa kulikuwa na hitilafu ya mtandao, wakashukuru, wakaondoka na kitoto chao.

Ikaundwa kamati. Kamati haikumhoji mkandarasi, haikuuliza shimo la bango lilichimbwa kwa ramani gani, haikuuliza kwa nini skrini inadanganya. Bi Chomoa aliweka mezani maombi yake yote ya kibali. Mwenyekiti akasema hayo yako nje ya mipaka ya uchunguzi. Kisha wakaandika kwamba fundi mhusika alishindwa kuhakikisha njia mbadala inafanya kazi, wakampa onyo kali. Yaani mtu unamfunga mikono, halafu unamkaripia kwamba hakupiga makofi! Wenzangu, nimejaribu kulitafutia jambo hili jina la staha kwa ajili ya jarida, nimelikosa.

Tangu siku hiyo anwani ni sahihi na skrini imebadilishwa, kimyakimya, iandike vile vile alivyotaka. Marufuku ya kuchomoa haijaondolewa. Atakayekalia kiti chake ataikuta.

Sasa yale masharti. Niliandika wasifu wa pili, ule wa kupendeza, wenye uji na vitambaa vya rangi na bila Jumatano yoyote. Nikaubeba pamoja na huu hadi nyumbani kwake Jumamosi iliyopita. Nilitaka akubali ule wa pili, sitaficha. Nilitaka aende chuoni. Nimemsikia miaka yote akisema kwamba siku moja atawafundisha vijana kuchomoa kabla hawajafundishwa kuunganisha.

Nilimkuta barazani anamenya viazi, mumewe yuko kwenye cherehani. Mzee alisikiliza masharti yote, akasimamisha kazi, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama watoto, umeshapigana nao vya kutosha. Chukua faili lako safi, uende ukafundishe. Nani atakulaumu?"

Bi Chomoa alijifuta mikono akausoma ule wa kupendeza. Alicheka kwenye uji. Alipofika mahali nilipoandika kwamba alikuwa mtulivu na mwenye kauli laini, aliniangalia juu ya karatasi. "Mtulivu? Mdogo wangu, huu ni wasifu wangu au umeokota wa marehemu mwingine?" Tulicheka sote watatu. Akaendelea hadi mwisho, akaugeuza upande wa nyuma kama anayetafuta kitu, akaniuliza, "Na yule mama yuko wapi humu?"

Nikasema hayumo. Nikasema ndiyo masharti yenyewe.

Aliurudisha ule wa kupendeza mikononi mwangu. Kisha akasema, "Mimi wameniandika kwenye faili. Yeye wamemkata. Halafu wamemwambia ni mtandao, na mimi niende darasani na faili safi kwa sababu tumekubaliana asijue? Hapana. Chapa huu mwingine."  Mumewe alirudi kwenye cherehani, lakini hakukanyaga kanyagio kwa muda mrefu.

Nimefanya alivyoniagiza. Juzi nilimweleza afisa utumishi, na jana chuo kikamjulisha Bi Chomoa kwamba nafasi imepata mtu mwingine. Anastaafu onyo lake likiwa bado ndani ya faili. Wote watakaokuja ukumbini kumpigia makofi siku ya kumuaga, na wale wa safu ya mbele hasa, wajue wanampigia makofi mtu waliyemwadhibu kwa makosa yao.

Bi Chomoa, dada yetu mkubwa, asante. Asante kwa kelele zako zote, vikaoni, ukumbini na kwenye dirisha letu. Umetufundisha kutoamini ukimya, na somo hilo hukuhitaji kibali cha mtu kulitoa. Tunakuombea goti lipate nafuu, mzee aendelee kukushonea na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Kaa salama huko uendako, na mlango wetu ubishe hodi wakati wowote, utaitikiwa.

Nilipokuwa natoka kwake, mstaafu aliniomba mistari ya mwisho ya wasifu wake isiwe yake. Ni hii hapa, kwa mama aliyejifungua msichana katika hospitali yetu ile Jumatano, iwapo jarida hili litamfikia. Mama, hukuambiwa ukweli, na una haki ya kuja kuudai. Sisi wa benki ya damu tutasimama nawe. Damu ya kundi lako ilikuwemo ndani ya friji tangu asubuhi.